Kodeini, tramadoli, mofini ya kumeza au plasta ya fentanili: ipi inakufaa, na uitumieje salama?

Mgonjwa akishatajiwa majina haya na daktari, swali la kwanza huwa: ipi kali kuliko nyingine? Simlaumu. Aliyekesha na maumivu hataki kubahatisha. Lakini ukali hauko kwenye jina la dawa, uko kwenye dozi. Miligramu 60 za kodeini hutuliza maumivu kwa kiasi kinachokaribia miligramu 6 tu za mofini ya kumeza. Kwa hesabu hiyo, anayeikimbia mofini kwa kuogopa jina lake, kisha akawa anameza kodeini miligramu 240 kwa siku, yuko karibu sawa na mwenzake anayemeza mofini miligramu 24.

Swali ninalolitanguliza mimi ni jingine: dozi ikizidi kwa bahati mbaya, mwili utachukua muda gani kujinasua? Dawa zote nne ni za jamii ya afyuni. Zote hushika sehemu zile zile za ubongo na uti wa mgongo, na zote zikizidi huua kwa njia moja, yaani pumzi hupungua hadi ikakatika. Zinapoachana ni kwenye mwendo wao: jinsi zinavyoingia mwilini, zinavyokaa na zinavyotoka. Kwa watu wengi, usalama wa matumizi unategemea mwendo huo kuliko ukali.

Hakuna hata moja ya kujichagulia dukani au kuazimwa kwa jirani. Anayeamua dawa na dozi ni aliyekuandikia. Ila mgonjwa anayejua tofauti zake huuliza mambo ambayo daktari mwenye foleni ndefu mlangoni angeweza kuyasahau.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima dawa zote kwa mambo matano. La kwanza ni maumivu yenyewe, ya aina gani na ya muda gani. La pili ni mwendo. La tatu ni ini, figo na dawa nyingine unazotumia. La nne ni nyumbani, yaani nani anaishi humo, nani atakuwa anapima dozi, na dawa itafungiwa wapi. La tano ni mtu anayefaidika nayo zaidi.

Hicho kigezo cha kwanza nakisisitiza, kwa sababu wakati mwingine jibu lake ni kwamba usitumie yoyote kati ya hizi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia kwa miezi 12 wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Nusu walipewa dawa za jamii ya afyuni, nusu wakapewa nyingine kama parasetamoli na dawa za kupunguza uvimbe. Kundi la afyuni halikumudu shughuli zake vizuri zaidi, maumivu yake yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya wenzao, na madhara ya dawa yalikuwa mengi zaidi. Kwa hiyo kama tatizo lako ni goti lililochakaa au mgongo wa miaka, zungumza kwanza na daktari kuhusu mazoezi ya viungo na dawa nyingine kabla ya kusoma zaidi hapa ukitafuta ya kuchagua.

Kodeini

*Maumivu.* Ya kadiri na ya siku chache: jino lililong'olewa kwa shida, upasuaji mdogo, jeraha ambalo parasetamoli au ibuprofeni peke yake imeshindwa kulituliza.

*Mwendo.* Huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja na kudumu saa 4 hadi 6. Ikizidi kidogo, mwili huitoa mapema. Hilo ni jema.

*Ini, figo na dawa nyingine.* Hapa ndipo penye mtego. Kodeini yenyewe haina nguvu kubwa. Ini huigeuza sehemu yake ndogo kuwa mofini kwa kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6, na kimeng'enya hicho hakifanani kwa watu wote. Wapo ambao kwao hakifanyi kazi kabisa. Hao wakimeza hupata choo kigumu bila nafuu, na mara nyingi hudhaniwa wanadeka. Wapo pia ambao kwao kinakwenda mbio, na dozi ya kawaida hugeuka mofini nyingi kwa mkupuo. Watu wa kundi hili la pili wako kila mahali, lakini wameonekana kwa wingi zaidi Ethiopia, Afrika Kaskazini na Uarabuni. Kwa macho huwezi kujua uko kundi gani. Kwa hiyo dozi ya kwanza imezwe ukiwa na mtu karibu, na ukisinzia kupita kiasi usimeze ya pili kabla ya kuongea na daktari.

Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia kodeini na tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, baada ya watoto kufa kwa kukatika pumzi, na ikatoa onyo kwa mama wanaonyonyesha, kwa kuwa dawa hupita kwenye maziwa. Kama unanyonyesha, mwambie daktari kabla hajashika kalamu.

Halafu geuza boksi usome viambato. Kodeini nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na parasetamoli. Kidonge chenye parasetamoli miligramu 500, vikiwa 8 kwa siku, tayari ni gramu 4, ambayo ndiyo mwisho kwa mtu mzima mwenye afya. Ukiongeza Panadol mbili kwa ajili ya homa, unaliumiza ini bila kuhisi chochote kwa siku ya kwanza au ya pili.

*Nyumbani.* Ni vidonge vya kawaida tu, na shida iko hapo hapo: havionekani kama kitu cha hatari, kwa hiyo huachwa mezani.

*Inamfaa* mtu mzima asiyenyonyesha, mwenye maumivu yanayotarajiwa kuisha ndani ya siku chache, na aliyewahi kuimeza ikamtuliza bila kumlaza.

Tramadoli

*Maumivu.* Ya kadiri, na wakati mwingine yale ya mishipa ya fahamu yanayochoma au kupiga shoti, kwa sababu tramadoli inafanya kazi mbili. Inashika sehemu za afyuni, na pia inaongeza serotonini na noradrenalini, kemikali mbili zinazopeleka ujumbe kwenye mfumo wa fahamu.

*Mwendo.* Vidonge vya kawaida huanza ndani ya saa moja na kudumu saa 4 hadi 6. Viko pia vya kuachia dawa polepole, vya saa 12 au 24, ambavyo havitafunwi wala kusagwa. Kikomo cha vidonge vya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, na kwa aliyevuka miaka 75 ni 300.

*Ini, figo na dawa nyingine.* Ile kazi ya pili ndiyo inayoifanya tramadoli iwe na hatari zisizopatikana kwa nyingine. Inaweza kuleta degedege kwa mtu mzima, na hatari hiyo hupanda kadiri dozi inavyopanda. Mwenye kifafa au aliyewahi kuumia kichwa vibaya aseme mapema. Ikikutana na dawa za sonona kama fluoksetini, setralini au amitriptilini, serotonini inaweza kuzidi mwilini: jasho, kutetemeka, joto kupanda, moyo kwenda mbio, akili kuchanganyikiwa. Inaweza pia kushusha sukari ya damu, jambo la kuangaliwa kwa wazee na wenye kisukari. Tena inategemea kimeng'enya kile kile cha kodeini, hivyo nguvu yake kwako haitabiriki vizuri.

*Nyumbani.* Sifa ya kuwa nyepesi imeiponza dawa hii. Wapo wanaoimeza ili wavumilie kazi ngumu, na siku wakiacha ghafla wanapata arosto kamili, pengine na wasiwasi mkali juu yake. Ihesabiwe na kufungiwa kabatini kama mofini.

*Inamfaa* mtu asiyetumia dawa za sonona, asiye na historia ya degedege, mwenye figo nzima, hasa kama maumivu yake yana ule mchomo wa mishipa.

Mofini ya kumeza

*Maumivu.* Makali: saratani, mfupa uliovunjika, upasuaji mkubwa. Mofini haina kikomo cha juu kilichowekwa kama tramadoli. Dozi hupandishwa hatua kwa hatua hadi nafuu ipatikane au madhara yazuie.

Familia nyingi zikisikia mofini husikia mwisho wa maisha. Nataka niseme wazi kwamba hofu hiyo inawatesa wagonjwa bure. Mofini hutolewa kwa sababu ya maumivu, na mwenye maumivu makali anaweza kuitumia kwa miezi, akapungukiwa na maumivu, naye akapunguziwa dozi. Mwili kuizoea dawa si sawa na uraibu. Uraibu ni kuitamani na kuitafuta dawa hata inapokuharibia maisha.

*Mwendo.* Ya maji huanza ndani ya dakika 20 hadi 30 na kuisha baada ya saa 4 hivi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa: asubuhi ukigundua dozi ilikuwa kubwa, mchana tayari unaweza kuwa umesharekebisha. Ndiyo maana mara nyingi mgonjwa huanzishiwa ya maji, kwa mfano miligramu 5 kila saa 4, na 2.5 kwa mzee au aliyedhoofika. Maumivu yakishatulia, jumla ya siku hubadilishwa kuwa vidonge vya saa 12. Kidonge cha saa 12 hakisagwi hata kama mgonjwa anashindwa kukimeza. Kikisagwa, dawa ya nusu siku inaingia mara moja.

Maumivu hupenya katikati ya dozi. Kwa hilo daktari huandika dozi ya ziada, mara nyingi sehemu moja ya sita ya jumla ya siku. Anayemeza 60 kwa siku huwa na ziada ya 10. Andika kila ziada na saa yake, kwa kuwa daktari atazijumlisha ili apange dozi mpya.

*Ini, figo na dawa nyingine.* Haitegemei kile kimeng'enya, kwa hiyo matokeo yake yanatabirika kuliko kodeini na tramadoli. Shida yake ni figo. Mabaki ya mofini hutoka kwa mkojo, na figo zikiwa dhaifu hujikusanya. Ukiona misuli inashtukashtuka, usingizi unazidi siku hadi siku, au mgonjwa anaona vitu visivyokuwepo, piga simu kabla ya dozi inayofuata.

*Nyumbani.* Hapa naomba usome taratibu. Mofini ya maji haina ukali mmoja. Iko chupa yenye miligramu 10 kwa kila mililita 5, na iko yenye miligramu 20 kwa kila mililita moja. Mililita 5 za chupa ya kwanza ni miligramu 10. Mililita 5 za chupa ya pili ni miligramu 100. Rangi na kifuniko vinaweza kufanana kabisa. Kila unapopewa chupa mpya, linganisha lebo na ya zamani ukiwa bado mbele ya mfamasia, na mwombe akuonyeshe kwenye bomba dozi yako inafika mstari gani. Pima kwa bomba la plastiki lisilo na sindano, si kwa kijiko, maana vijiko havilingani. Agiza kwa mililita na kwa miligramu pia unapomwachia mtu mwingine zamu ya kuuguza.

*Inamfaa* mwenye maumivu makali, figo zinazofanya kazi, anayeweza kumeza, na mwenye mtu mmoja makini wa kushika saa na daftari.

Plasta ya fentanili

*Maumivu.* Makali lakini yaliyotulia, yasiyopanda na kushuka, kwa mtu ambaye tayari mwili wake umezoea dawa za jamii hii. Si ya maumivu ya ghafla wala ya baada ya upasuaji.

*Mwendo.* Plasta moja hukaa saa 72. Namba iliyoandikwa juu yake ni mikrogramu zinazoingia kwa saa, na isikudanganye kwa udogo. Plasta ya 25 inalingana na mofini ya kumeza kati ya miligramu 60 na 90 kwa siku. Kumbandika mtu ambaye jana alikuwa kwenye parasetamoli kunaweza kumuua.

Nguvu yake huanza kuonekana baada ya saa 12 hadi 24, kwa kuwa dawa hujikusanya kwanza chini ya ngozi. Ukiibandua, akiba hiyo inaendelea kuingia. Inaweza kupita saa 17 au zaidi kabla kiwango kwenye damu hakijashuka nusu. Kwa kigezo changu cha kujinasua, plasta ndiyo iliyo nyuma kuliko zote. Kosa la Jumatatu usiku bado lipo mwilini Jumanne jioni.

*Ini, figo na dawa nyingine.* Kwa wenye figo dhaifu, fentanili mara nyingi ni salama kuliko mofini, na choo huwa hakifungi sana. Lakini baadhi ya dawa za fangasi, klarithromaisini (antibiotiki) na ritonaviri (dawa ya virusi vya UKIMWI) huzuia mwili kuivunja, kiwango kikapanda. Joto nalo huharakisha dawa kuingia: chupa ya maji ya moto, blanketi la umeme, jua kali, hata homa. Mgonjwa mwenye plasta akipata homa kali, aangaliwe pumzi na daktari ajulishwe.

*Nyumbani.* Bandika kwenye ngozi kavu, tambarare, isiyo na kidonda: kifuani, juu ya mkono, au mgongoni juu kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa ili asiing'oe. Usikate plasta. Bandua ya zamani kabla ya kuweka mpya, badilisha mahali, andika tarehe na saa. Iliyotumika bado ina dawa nyingi. Ikunje upande wa gundi uingie ndani hadi ishikane, kisha irudishe duka la dawa kama wanapokea. Watoto wamekufa kwa kujibandika au kutafuna plasta zilizookotwa. Plasta inaweza pia kubanduka usingizini na kumnasa anayelala na mgonjwa kitanda kimoja, hasa mtoto, kwa hiyo iangaliwe kila asubuhi kama iko mahali pake.

*Inamfaa* asiyeweza kumeza, anayetapika mfululizo, mwenye figo dhaifu au choo kisichofunguka kwa dawa, ilimradi maumivu yake yametulia na tayari anatumia dozi ya kutosha ya mofini au mfano wake.

Yanayohusu zote nne

Pombe, diazepamu, dawa za usingizi, pregabalini na dawa za mzio zinazosinziza huzidisha kukatika kwa pumzi. Vifo vingi hutokana na mchanganyiko huo. Choo hufunga kwa watu walio wengi na mwili hauzoei, kwa hiyo dawa ya kulainisha, kama bisakodili au sena, ianze siku moja na dawa ya maumivu isipokuwa daktari amekataza. Kichefuchefu kwa kawaida huisha ndani ya wiki hivi. Usiendeshe gari siku unapoanza au unapopandishiwa dozi.

Dalili za dozi kuzidi: mtu haamki ukimtikisa, anakoroma kwa sauti ya kukwama, midomo inabadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Tazama kifua chake kwa dakika nzima. Pumzi chini ya 10 ni dharura. Ita msaada, bandua plasta kama ipo, mpe naloksoni, yaani dawa inayozima nguvu ya dawa za afyuni, ya kupuliza puani kama mnayo, mlaze kwa ubavu na usimwache. Asipopumua kabisa, msaidie kupumua kama umefundishwa. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90 tu, wakati vidonge vya saa 12 na plasta vinaendelea kuingia. Kwa hiyo akiamka na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali. Aliyezidisha tramadoli anaweza kupata degedege hata baada ya naloksoni.

Kwa hali yako

Maumivu ya siku chache baada ya matibabu madogo: uliza kwanza kama ibuprofeni na parasetamoli pamoja zinatosha. Zisipotosha, kodeini kwa siku chache ina maana, au mofini ya maji kwa dozi ndogo kama kodeini haikuwahi kukusaidia.

Unatumia dawa za sonona au una kifafa: tramadoli iwekwe kando hadi daktari aone orodha nzima ya dawa zako.

Unanyonyesha, au mgonjwa ni mtoto chini ya miaka 12: kodeini na tramadoli zote zina tatizo. Mofini kwa dozi iliyopimwa kwa uzito, chini ya uangalizi, mara nyingi huchaguliwa badala yake.

Saratani na maumivu bado yanapanda: mofini ya maji kwanza, kwa sababu inaruhusu kurekebisha kila siku. Plasta isubiri hadi dozi itulie.

Figo zimedhoofika: omba majibu ya kipimo cha figo yaangaliwe kabla ya mofini au tramadoli kuandikwa, na uulize kuhusu fentanili.

Nyumba ina watoto au mtu anayepambana na uraibu: chochote utakachopewa kiwe na kufuli, kihesabiwe, na uombe kiasi kidogo kidogo badala ya cha mwezi mzima.

Umetumia kwa mwaka au zaidi na unataka kuacha: usikate ghafla. Kupunguza karibu asilimia 10 ya dozi kwa mwezi, kwa mpango na daktari, huzuia arosto ya jasho, kuhara na kukosa usingizi. Na ukishaacha au ukipumzika kwa wiki kadhaa, kisha maumivu yakarudi, usirudie dozi uliyoiacha. Mwili umeshaisahau, kwa hiyo anza upya na daktari kama mtu ambaye hajawahi kuitumia.